Ndizi za Kwenda Williston

Mwenzangu barabarani alikuwa mzee wa Kilatvia, mpana wa mabega, mwenye masharubu yaliyogeuka manjano kwa sigara. Kwa majira mawili ya baridi tulilala kwa zamu kwenye kitanda kimoja nyuma ya viti vya lori. Watu wa kanisa letu la Hopkins, kando ya Minneapolis, hawakulipenda jambo hilo. Mama mmoja aliniuliza waziwazi, tukiosha vikombe baada ya ibada, "Na wewe, dada, huyo mzungu mnalala vipi?"

Nikamwambia, "Akilala yeye, mimi naendesha. Nikilala mimi, yeye anaendesha. Tukilala wote wawili tunakufa."

Akageukia vikombe vyake.

Sikuwa nimepanga kuwa dereva. Mume wangu ndiye aliyekuwa na kazi ya maana, kwenye ghala moja kule Eagan, mpaka siku rundo la mizigo lilipomwangukia mgongoni. Mimi nilikuwa nikitunza wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Baada ya ajali nikawa nawageuza wazee mchana na kumgeuza yeye jioni. Mwisho mwili ulikataa. Jamaa mmoja wa Nakuru aliyekuwa akiendesha malori akanishawishi nikasomee leseni, na nikaipata. Kampuni iliyoniajiri ikanipanga na yule mzee, kwa sababu madereva wengine hawakutaka kuendesha na mwanamke, na hawakumtaka yeye pia. Walisema ni kama kusafiri na gogo.

Tulielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza, chake kibovu kuliko changu. Mimi nilimwita Mzee. Nilipomweleza kwamba ni neno la heshima alilipenda akalichukua kabisa, akawa anajitambulisha nalo kwa walinzi wa mageti. Yeye aliniita binti, kwa lugha yake, neno ambalo hadi leo sijui kulitamka sawasawa.

Kabla ya kuja Amerika alikuwa ameendesha malori miaka mingi kutoka Riga kwenda Urusi. Hakupenda kuyasimulia. Tukiwa kwenye theluji mbaya nilikuwa nikimuuliza, "Mzee, Urusi kulikuwa hivi?"

"Hii ni hali ya hewa tu," alikuwa akijibu. "Ile ilikuwa baridi."

Januari ya majira yetu ya pili tulipakia ndizi Eagan za kupeleka Williston, mbali kule Dakota Kaskazini. Wengi hudhani mashine ya trela ni ya kupoza chakula tu. Wakati wa baridi kazi yake hugeuka. Ile mashine iliyo kwenye paji la trela ina injini yake na tangi lake la dizeli, nayo hupuliza joto ndani ili ndizi zisigande. Kwa hiyo kule nyuma ndizi zilikuwa zikisafiri kwenye hewa kama ya asubuhi ya Naivasha, nyumbani kwetu, na sisi huku mbele tumevaa makoti ndani ya kichwa cha lori.

Asubuhi tulisimama kujaza dizeli, tukiwa tumeupita mji wa Bismarck. Malori mengine yalikuwa yameegeshwa safu kwa safu, na madereva wake wamejazana ndani wakinywa kahawa. Mzee alisimama nje akatazama upande wa magharibi, ambako mbingu na ardhi vilikuwa rangi moja.

"Tukae hapa," akasema.

Nilimpigia kijana wa ofisini Eagan, yule wa kutupangia safari. Nikamwambia dhoruba inakuja na wenzetu wote wamesimama.

"Kwenye kompyuta yangu barabara iko wazi," akasema.

"Mimi siko kwenye kompyuta. Niko hapa, naiona."

"Mteja anasubiri mzigo. Kama hamuwezi, niambie sasa nitafute watu wanaoweza."

Maneno hayo ya mwisho nilikuwa nimeshayasikia, na nilijua yanaishia wapi. Dereva mmoja Msomali aliambiwa hivyo hivyo mwezi wa Novemba, na baada ya hapo simu yake haikulia tena. Nilimrudia Mzee nikamweleza. Hakunilaumu. Alizima sigara kwa soli ya buti, akapanda upande wa abiria, akafunga mkanda.

Tuliacha barabara kuu tukashika ile nyembamba ya kwenda kaskazini. Kwanza upepo ulikuwa ukivusha theluji juu ya lami kama moshi. Halafu lami ikapotea, kisha nguzo za kando, kisha pua ya lori letu lenyewe. Nilikuwa naendesha kwa kusikiliza matuta ya ukingoni yakinguruma chini ya tairi. Yakinguruma, nasogea kushoto. Mzee alikuwa ameshusha kioo na kutoa kichwa nje akinielekeza. Nyusi zake zikaganda zikawa nyeupe.

Hapo injini ikakohoa. Nikakanyaga, ikakohoa tena, nikaisikia nguvu ikiisha chini ya mguu wangu. Dizeli ikipigwa na baridi ya namna ile huwa nzito kama samli ya asubuhi, inaziba filta, injini inakufa kwa kiu huku tangi limejaa. Nilibahatika kulivuta lori mpaka kando kabla halijasimama. Kimya kilichofuata kilinitisha kuliko upepo.

Mzee alitoa filta mpya chini ya kiti, akashuka. Nilishuka naye kumshikia tochi, maana ingawa ilikuwa saa za adhuhuri hukuweza kuona kitu. Glavu zake zilikuwa nene, vidole havikupata pa kushika. Akazivua. Nikapiga kelele, "Mzee, hapana!" Hakusikia au hakujali. Alipoifungua ile filta ya zamani, dizeli ilimwagika ikamlowesha mikono yote miwili hadi kwenye viwiko. Maji yangekuwa afadhali. Maji yangeganda, dizeli hata ikiwa nzito haiwi barafu, inakaa tu kwenye ngozi na ubaridi wake wote. Aliendelea. Aliifunga filta mpya, akanipa ishara niwashe. Nikapanda, nikawasha. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Tulijaribu mpaka betri ikawa inatoa sauti ya mgonjwa.

Alipopanda juu alishindwa kufunga mlango. Nilimvuta, nikaufunga mimi. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vigumu, kama mishumaa.

"Vinauma?"

"Haviumi," akasema, na wote wawili tulijua hiyo si habari njema.

Nilipiga simu ya dharura. Mama aliyepokea alikuwa na sauti ya upole. Aliniuliza tuko wapi, nikamweleza nilivyoweza. Akasema magreda yote ya theluji yameitwa yarudi kwa sababu madereva wake nao hawaoni, na kwamba atatuma mtu mara tu itakapowezekana.

"Lini?"

"Sijui, mpenzi. Msitoke kwenye gari. Hata kidogo."

Kisha nikampigia mume wangu. Alikuwa Hopkins, kwenye kile kiti chake karibu na dirisha, na nyuma yake nilisikia binti yetu akicheka na televisheni.

"Mama, mbona kuna kelele? Mko kwenye karakana?" akauliza mume wangu.

"Ni upepo. Tumekwama. Injini imekufa."

Akapunguza sauti ya televisheni. "Nije?"

Mtu asiyeweza kuinama kufunga kamba za viatu, mwendo wa siku nzima kutoka nilipokuwa, ananiuliza aje. Nilimwambia asije. Nilitaka kuongea na mtoto lakini simu ikaanza kukatika, nikasikia tu "Hi Mom" na baada ya hapo hakuna.

Ndani ya kichwa cha lori baridi ilikuwa inapanda kutoka miguuni. Pumzi zetu ziliganda kwenye vioo kwa ndani, na mwanga ukawa kama wa ndani ya yai. Tulivaa kila kitu tulichokuwa nacho. Tulijifunika blanketi mbili na lile pazia la kitanda. Nilianza kutetemeka hata meno yakaniuma. Mzee yeye hakutetemeka, na hilo pia nililijua kutoka kwenye kazi yangu ya zamani. Mzee akiacha kutetemeka, usishukuru.

Ghafla akasema, "Ndizi zina joto."

Nilidhani akili imeanza kumtoka. Kisha nikaisikia, chini ya upepo, ile mashine ya trela ikinguruma peke yake. Injini yake ilikuwa bado hai.

Kutoka mlango wa dereva hadi mlango wa trela si mbali, lakini watu wamepotea kwenye umbali kama huo. Nilifunga mkanda wa kukazia mizigo kiunoni mwangu na ncha yake ya pili kiunoni kwa Mzee, nikashika ubavu wa trela kwa mkono, tukaenda tukikokotana. Milango ilikuwa imeganda. Niliipiga kwa nyundo ya tairi nikilia kwa hasira, mpaka mmoja ukafunguka. Katoni zilikuwa zimepangwa toka sakafuni hadi karibu na dari, hakuna hata pa kuweka kiti. Mzee hakuweza kushika kitu. Nikazishusha mwenyewe, katoni baada ya katoni, nikizitupa kwenye theluji nyuma yangu, hadi pakapatikana shimo la kutosha watu wawili. Nilimsukuma ndani, nikapanda. Milango ile haina kitasa kwa ndani, na nilijua ikibana tumezikwa. Nikaufunga kwa ule mkanda ukabaki wazi kwa upana wa kiganja, na upenyo huo nikauziba nusu kwa blanketi.

Palinuka ndizi mbichi, harufu ya shamba lililokatwa. Palikuwa na joto. Si joto la raha, lakini kwa sisi lilikuwa uhai.

Nilifungua koti langu nikachukua mikono ya Mzee nikaiweka kwapani mwangu. Ilikuwa kama kukumbatia vyuma. Tulikaa hivyo, uso kwa uso, mtu na mtu asiye wake. Nikamkumbuka yule mama wa vikombe, nikacheka kwa sauti.

"Nini?" akauliza.

"Kanisa letu," nikasema. Hakuelewa, lakini naye alicheka kidogo.

Baada ya muda damu ilianza kurudi vidoleni, na maumivu yakaja nayo. Alinguruma kama ng'ombe. Machozi yalimtiririka yakaingia kwenye masharubu. Ili asipige kelele akaanza kusimulia, na ndiyo mara ya kwanza alinieleza habari za Urusi kwa kirefu.

"Nimewahi kulala hivi," akasema. "Kwenye maua."

"Maua gani?"

"Mawaridi. Machi, kabla ya siku ya wanawake. Siku hiyo kila mwanamume Mrusi hununua maua. Tulikuwa tunayachukua Uholanzi, tunapita kwetu Riga, mpaka Moscow, wakati mwingine mbele zaidi. Nje kila kitu kimeganda. Ndani mawaridi. Hita yangu iliharibika, nikaingia kwa mawaridi." Akavuta pumzi. "Masanduku yameandikwa Kenya."

Nilimtazama. Kabla sijaolewa nilifanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha. Niliyakata, niliyafunga mafungu, niliyapanga kwenye masanduku kama hayo hadi vidole vikachomwa miiba vikawa sugu. Hatukuambiwa yanakoenda. Tuliona tu malori yakitoka kuelekea uwanja wa ndege.

"Mimi nilikuwa nayafunga," nikasema. "Hayo maua. Kazi yangu ilikuwa hiyo."

"Yalifungwa vizuri," akasema.

Nikalia, na sikujua nalilia nini.

"Yalifika mabichi?"

"Yakifika mabichi, kila mtu anafurahi. Mimi nikifika mbichi au nimekauka, hakuna aliyeuliza."

Kisha akanieleza habari ya foleni ya mpakani. Malori yalikuwa yanasubiri siku nyingi kwenye theluji kuingia Urusi, mstari usioonekana mwisho, na kila mmoja akichoma dizeli ili asigande. Madereva waliwasha moto wa matambara chini ya matangi. Walipikiana chai. Walikunywa pombe, na wengine walikunywa kupita kiasi. Mbele yake palikuwa na lori la mtu ambaye hakumfahamu. Mstari ulisogea, lile lori halikusogea. Wakapiga honi. Wakamtukana. Halafu wakamzunguka, wakidhani amelala, mmoja baada ya mwingine, Mzee naye akamzunguka. Jioni askari wa mpaka alipofungua mlango, dereva alikuwa ameketi wima na mikono kwenye usukani, ameganda. Dizeli yake ilikuwa imeisha tangu jana yake.

"Tulimpigia honi," Mzee akasema. "Mtu amekufa, tunampigia honi."

Nilimwomba aache. Nilihisi kana kwamba magari yanapita hapo nje yakituzunguka.

Giza lilipoingia tulilala kwa vipande. Kulipoanza kupambazuka niliamshwa na ukimya. Mashine ya trela ilikuwa imezimika. Dizeli yake nayo ilikuwa imeganda.

Sijawahi kukata tamaa kama pale. Nilitaka kusali, na maneno hayakuja. Kwa Kikuyu hayakuja, kwa Kiswahili hayakuja. Lililokuja lilikuwa tusi, na nilimtukana Mungu kwa sauti, mimi ninayeimba kwaya. Nilimwambia kama alitaka kunichukua angenichukulia Naivasha, ambako mama yangu angepata kaburi la kupalilia. Baridi ilikuwa ikiingia kwenye mbao za sakafu. Nilirarua katoni nikatufunika kwa makaratasi na zile plastiki za ndani, nikamwaga ndizi zote huku na huku. Mzee alikuwa ameanza kuongea na watu wasiokuwepo, kwa lugha yao. Mikono yake nilikuwa nayo kwapani bado, lakini mwili wangu haukuwa na joto la kugawa tena, na nikavihisi vile vidole vikirudi kuwa vyuma. Niliwahi kuambiwa kazini kwamba kiungo kilichoyeyuka kikaganda mara ya pili hakiponi. Nilivishika nikijua.

Upepo ulitulia jua lilipokuwa limekwisha toka. Mkulima mmoja na mkewe walikuja na trekta kubwa yenye koleo la theluji mbele. Yule mama wa simu alikuwa amewapigia. Lori letu lilikuwa limezikwa upande mmoja, wakalipita. Mke ndiye aliyeziona zile katoni za ndizi nilizokuwa nimetupa, zimetawanyika kwenye shamba lao kwa upepo, akamwambia mumewe arudi nyuma. Alipousukuma mlango na kuona macho yangu kati ya katoni alipiga ukelele. Mimi sikuweza kutoa sauti. Nilimwonyesha Mzee kwa kidevu.

Walitupeleka hospitali ndogo ya karibu, na kutoka hapo Mzee akarushwa kwa ndege hadi Minneapolis, kwenye wodi ya walioungua, maana baridi na moto huunguza sawa. Mimi nilipoteza kidole kidogo cha mguu. Yeye walimkata vidole vyote vya mkono wa kulia, na wa kushoto wakamwachia gumba na nusu ya kingine.

Nilipoweza kutembea niliitwa ofisini Eagan. Meneja alinipa kiti, akanipa pole, kisha akauliza ni nani aliyefungua mlango wa trela. Ndizi zilikuwa zimeharibika zote, akasema, na watu wa bima wanataka kujua kama ziliharibika kabla au baada ya mlango kufunguliwa.

"Mimi nilifungua," nikasema. "Tulikuwa tunakufa."

"Naelewa," akasema. "Lakini ilikuwa kabla au baada?"

Nikainuka, nikatoka. Nilikaa kwenye gari langu pale uani hadi vioo vikaingia ukungu.

Kila nilipoweza nilipita hospitalini. Mzee hakuwa na mtu hapa. Aliishi peke yake chumba cha juu ya duka, mtaa wa Frogtown, na binti yake wa pekee alikuwa Riga. Nilimlisha, nilimnyoa, nilimfunga vifungo vya shati. Nilikuwa nimerudia kazi yangu ile ile ya zamani. Siku moja aliniomba nimpigie binti yake simu ya video. Nikashika simu. Alificha mikono chini ya shuka, akaongea naye akitabasamu, akimwonyesha dirisha, nadhani akimweleza habari za theluji. Yule binti aliuliza kitu. Mzee akamwonyesha dirisha tena. Binti yake akauliza tena, kwa sauti nyingine, na nikaelewa bila kuijua lugha: alikuwa anauliza kwa nini ni mtu mwingine anayeshika simu. Mzee alinitazama mimi. Kisha akatoa mikono yote miwili nje ya shuka akaiinua mbele ya kioo cha simu, na nikasikia kutoka upande wa pili wa dunia mwanamke mtu mzima akilia kama mtoto.

Aprili alirudi kwao. Nilimpeleka uwanja wa ndege nikamvalisha koti mlangoni.

Mgongo wa mume wangu haukupona. Kampuni ile iliniacha, nikapata nyingine inayopeleka nyama Montana, na sasa naendesha na kijana Mkongo anayeweka nyimbo za injili toka tunapotoka hadi tunapofika. Baridi imeanza tena. Juzi Mzee alinipigia. Binti yake ndiye aliyemshikia simu. Aliniambia amejifunza kushika kikombe kwa viganja viwili, na kwamba mjukuu wake ameanza shule.

"Bado unaendesha?" akauliza.

"Bado, Mzee."

"Hata sasa? Baridi hii?"

"Hata sasa."

Nilisikia pumzi zake, na mahali fulani ndani ya nyumba yao sufuria ikichemka. Kisha binti yake akaigeuza simu upande wake na kunishukuru, kwa Kiingereza safi, kwa yote niliyomfanyia baba yake.